Ganjo, Mgongo na Mji: Kusoma Ramani Kuukuu ya Nyeri

Mezani nimetandaza karatasi nne zilizounganishwa kwa utepe wa gundi. Kila karatasi inachukua dakika 15 za latitudo na 15 za longitudo, yaani mraba wa karibu kilomita 28 kila upande, na kona zote nne zinakutana kusini-mashariki ya mji wa Nyeri. Juu kushoto ni Nyeri yenyewe. Juu kulia, Karatina. Chini, Othaya na Mukurweini. Skeli ni 1:50,000, kwa hiyo sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Mwinuko umeandikwa kwa futi, mito kwa samawati, misitu kwa kijani, na kwenye mikunjo wino umebanduka hadi vijiji vizima vimeng'oka.

Sizitandazi kutafuta njia, kwa kuwa matatu zinaijua njia. Nazitandaza kusoma maneno.

Nianze na neno ramani, maana huku juu ni mgeni. Kwa Kiajemi, rahnama ni kitu kinachoonyesha njia. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilichukua neno hilo wakaliita rahmani, nacho kilikuwa kitabu cha nahodha: bandari gani inafuata ipi, nyota ipi iandamwe, kina cha maji ni pima ngapi, safari ni siku ngapi. Rahmani ya mwanzo haikuwa mchoro bali maneno matupu. Picha ilikuja baadaye, na Waswahili wakabaki na jina. Anayesoma ramani kwa kufuata maneno yake, basi, hajapotoka. Anairudisha kwenye kazi yake ya kale.

Neno hilo la baharini halikupanda mlima peke yake. Kaskazi ni upepo unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ni ule unaoyarudisha. Kutokana na pepo hizo tumepata kaskazini na kusini. Sasa fungua Biblia ya Kikuyu: kaskazini ni gathigathini, na kusini ni gũthini. Mkulima wa Mathira, pande za Karatina, aliyezungukwa na migomba na mibuni, ambaye huenda hajaliona tanga maishani mwake, anaelekeza shamba lake kwa pepo za majahazi. Kikuyu hakina sauti ya s, hivyo s ya Kiswahili mara nyingi ikawa th. Waliochora ramani walisikia kinyumenyume. Mto ambao wenyeji wanauita Thagana, wenye th nzito kama ile ya dhahabu, uliingia kwenye karatasi ukiwa Sagana, na hivyo ndivyo unavyoandikwa hadi leo.

Mambo ya herufi hayaishii hapo. Kikuyu kina irabu saba, ramani ina tano. Nyĩrĩ ikawa Nyeri, Mũkũrwe-inĩ ikawa Mukurweini, Cania ikawa Chania. Jina Mukurweini linamaanisha penye mkurwe, mti mmoja wenye kivuli kipana, na ile -inĩ ya mwisho ni ndugu wa -ni yetu ya nyumbani na shambani. Kuna Mugumoini, penye mtini mkubwa wa mugumo uliokuwa ukiheshimiwa kama madhabahu. Kuna Gatitu, kijisitu, ingawa kwa sasa Gatitu ni njia panda yenye vibanda na magari, si mahali pa kutafuta kuni. Ndiyo kazi ya kwanza ya ramani kuukuu: inaorodhesha miti ambayo haipo tena, nayo haijui kama inaorodhesha miti.

Ukitoka nje ya karatasi zangu upande wa kaskazini, majina yanabadilika. Naro Moru na Nanyuki ni Kimaasai. La kwanza linataja mawe meusi, la pili wekundu. Hapo nyuma Wamaasai walichunga hadi chini ya mlima, na majina yao yalibaki walipoondolewa. Pande za juu kabisa ndiko mchanganyiko unakochekesha. Mlima ambao Wakikuyu wanauita Kĩrĩnyaga una vilele vitatu vikuu, Batian wenye mita 5,199, Nelion wenye 5,188 na Lenana wenye 4,985, na vyote vitatu vina majina ya viongozi wa Kimaasai, Mbatian na jamaa zake. Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha Batian kwa mara ya kwanza Septemba 1899, ndiye aliyevivika majina hayo. Jina Kenya lenyewe lilifika Ulaya kupitia Ukambani: mmishenari Ludwig Krapf aliuona mlima akiwa Kitui mwezi wa Desemba 1849, na Wakamba walimwambia Kĩĩnyaa. Hivyo nchi nzima inaitwa kwa matamshi ya Kikamba ya jina la mlima unaokaliwa na Wakikuyu, Waembu na Wameru, ambao kilele chake kina jina la Mmaasai aliyetunukiwa na Mwingereza.

Hapo kwenye mlima, Kiswahili na Kikuyu vinagongana kwa namna inayonipendeza. Kwetu kilima ni mlima mdogo. Tumeuongezea ki- ya udogo, tukaupunguza. Kwa Kikuyu, kĩrĩma ni mlima kamili, mkubwa kadiri ya kuubeba utukufu wa Ngai, Mungu wao. Mgeni wa pwani akisikia Mkikuyu akisema kĩrĩma cha Kirinyaga anaweza kudhani mlima umedharauliwa, kumbe umeheshimiwa. Ndiyo sababu namwonya kila anayependa kuchimbua asili za maneno. Kaskazini kidogo ya Nyeri, kwenye barabara ya Nanyuki, kuna mji unaoitwa Chaka. Msomaji wa Kiswahili ataruka mara moja: chaka, miti iliyosongamana! Lakini wanaofanana si lazima wawe wa ukoo mmoja. Kabla ya kulichukua jina kwa sikio la Kiswahili, sharti aulizwe mwenye jina.

Kiswahili, hata hivyo, kimo ndani ya ramani hii kwa uhalali wake. Mji wa Nyeri, ulioanza kama ngome ya Waingereza mwishoni mwa 1902, una mtaa wa Majengo kama ilivyo miji mingi ya Kenya, mahali walipokaa askari, wapagazi na wafanyabiashara Waislamu. Boma, duka na shamba yaliingia hata kwenye Kiingereza cha maofisa. Idara ya misitu ilikuwa na utaratibu wa kuwaruhusu wafanyakazi kulima chakula kati ya miche ya miti kwa miaka michache, na mpaka leo maofisa wakizungumza Kiingereza huuita mfumo wa shamba. Hawakupata neno lao. Kwa upande mwingine, mahali pa kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe panaandikwa kwenye ramani kwa neno la Kiingereza la herufi tatu, wakati sisi tuna josho, neno zuri lililotoka kwenye kuosha, linalosikika maji kabla hujayaona.

Tufike kwenye ufunguo. Ndivyo vitabu vya jiografia vya Tanzania vinavyokiita kile kisanduku cha pembeni chenye alama na maana zake. Ufunguo wa ramani yangu una msalaba wa kanisa, una shule, zahanati na posta, una barabara za lami na zile za murram ambazo mvua ikinyesha zinageuka uji. Una pembetatu yenye nukta katikati, ambayo ni nguzo ya wapima ardhi. Kila ninapoiona alama hiyo nakumbuka nyingine inayofanana nayo mjini Nyeri, kwenye kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki hapo tarehe 8 Januari 1941. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati. Kwa skauti anayefuata nyayo za mwenzake porini, alama hiyo husema: nimekwenda nyumbani. Hakuna alama kwenye ufunguo wangu inayosema jambo hilo, na hapo ndipo shida yangu na ramani hii inapoanza.

Ramani ya aina hii kwa Kiswahili inaweza kuitwa ramani ya sura ya nchi. Napenda jina hilo kuliko topografia, kwa kuwa linaipa nchi mwili. Nchi ina sura, kilima kina ubavu, mto una mdomo. Na Nyeri, zaidi ya mahali pengine popote ninapopajua, ni nchi ya mgongo. Weka kiganja chako mezani, vidole vimetanuka. Vidole ni migongo, nafasi kati yake ni mito. Mkono unaanzia milima ya Nyandarua, ile ambayo Joseph Thomson aliibatiza Aberdare miaka ya 1880 kwa heshima ya lodi aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia wa London. Vidole vinanyooka kuelekea mashariki, na katikati yake inashuka mito kama Chania na Gura, maji baridi yanayopiga mawe.

Kwenye karatasi, migongo hiyo ni mistari ya rangi ya kahawia. Shuleni tumefundishwa kuiita kontua. Fuata mmoja kwa ukucha: unakwenda sambamba na mto, kisha unakunja ghafla kama herufi V, unarudi upande wa pili. Ncha ya V ikielekea mlimani, hapo ni bonde na maji yanapita. Ikielekea chini, hapo ni mgongo, na juu yake utaona barabara, kwa kuwa barabara za Nyeri hupenda kupanda mgongo kama chawa. Mistari ikibanana, miguu itauma. Hayo yote kontua inayasema vizuri. Jambo moja haisemi: mgongo huo unaitwaje.

Hebu angalia. Kila mto umeandikwa jina kwa samawati, hata vijito vya kuruka kwa hatua moja. Kila soko lina jina, kila shule. Migongo, ambayo ndiyo ardhi yenyewe wanayokaa watu, karibu yote haina kitu. Mchoraji aliyapa majina maji yanayopita akawasahau wanaobaki. Kwa Mkikuyu mambo yalikuwa kinyume. Rũgongo ndiyo iliyokuwa nchi: mbari moja au mbili ziliushika, zikaufyeka, zikaulinda, na mto ulikuwa mpaka tu, mahali pa kuteka maji na kupigana na jirani. Rũgongo na mgongo ni neno lile lile. Hata mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuliona. Kiswahili kinalitumia kwa mnyama na binadamu, na kwa paa la nyumba pia, pale miteremko miwili ya makuti inapokutana. Mgongo wa paa na mgongo wa Tetu, hapa Nyeri, ni umbo moja: maji ya mvua yanagawanyika hapo, haya huku, yale kule. Sioni kwa nini kitabu cha jiografia kihangaike na maelezo marefu ya ardhi iliyoinuka kwa urefu kati ya mabonde mawili, na neno tunalo, limelala chali.

Ramani ya serikali haikuipa migongo majina, lakini hati za ardhi ziliyahifadhi baadhi ya majina ya mahali kwa njia yake. Miaka ya mwisho ya 1950, vipande vya mashamba vilipokusanywa na kupimwa upya, kila shamba lilipewa nambari inayotanguliwa na majina mawili yaliyotenganishwa kwa mkwaju: Aguthi/Gatitu, Thegenge/Karia. Ukitaka kujua majina ya kale ya sehemu za Nyeri, usiende maktaba. Soma matangazo ya hati zilizopotea kwenye gazeti rasmi la serikali.

Miaka hiyo ya 1950 ndiyo inayonirudisha kwenye neno mji. Kwa Kiswahili cha leo mji ni Nyeri, Mombasa, Dodoma. Kwa Kikuyu, ndugu yake mũciĩ ni nyumbani: nyumba ya mama, ghala la nafaka, zizi, moshi wa jioni. Maana hiyo ya kale haijafa kabisa katika Kiswahili, kwa kuwa sehemu nyingi za bara mtu bado husema mji wa fulani akimaanisha boma la familia moja. Kutoka mji tulipata kijiji, mji mdogo. Na hapa neno tamu lilitumika kwa jambo chungu. Katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliamua katikati ya 1954 kuwahamisha Wakikuyu kutoka kwenye migongo yao na kuwarundika katika vijiji vyenye handaki, miiba na mnara wa mlinzi. Katika muda wa kama mwaka mmoja na nusu, zaidi ya watu milioni moja waliingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Kwenye ukingo wa msitu wakachimbishwa handaki refu kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa ndani, na katika ukingo huo huo, upande wa Tetu, kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Watu walinyang'anywa mũciĩ wakapewa kijiji. Miaka ishirini baadaye Tanzania nayo ilihamisha mamilioni katika Operesheni Vijiji, kwa nia nyingine na itikadi nyingine, lakini kwa neno lile lile. Anayesikia kijiji akaona amani na jogoo tu, hajaisoma historia ya neno.

Sasa nyumba zile za juu ya migongo, zilizoachwa au kuchomwa, ziligeuka nini? Hapo ndipo ukucha wangu unaposimama, mashariki ya mji wa Nyeri, kwenye jina Kiganjo.

Wakenya wote wanalijua. Ukisema kijana fulani ameenda Kiganjo, hakuna atakayeuliza kufanya nini: ameenda chuoni kujifunza upolisi. Waliosafiri kwa treni wanakijua kwa sababu nyingine: reli ya Nanyuki haikuingia mjini Nyeri, ilipita Kiganjo. Lakini kabla ya polisi na kabla ya reli, kĩganjo ni neno la kawaida la Kikuyu. Ni mahali palipokuwa na boma la watu, wakahama. Ukipapita unapajua: udongo mweusi wa samadi na majivu ya miaka, kiwavi, mmea unaouma miguu, mahindi yaliyozidi urefu wa majirani zake.

Fungua kamusi za zamani za Kiswahili cha pwani utakuta ganjo: mahali palipokaliwa zamani pakaachwa. Ni lile lile. Tunalo pia hame, na tunalo gofu, lakini hayalingani. Gofu ni la mawe, kama kuta za Gede karibu na Watamu, ambazo msitu umezimeza na bado zimesimama. Nyumba ya fito, udongo na nyasi haiachi gofu. Inaacha ganjo. Mchoraji wa ramani anaweza kulichora gofu, na ufunguo wake una alama ya magofu. Ganjo hana pa kulitia. Kwa hiyo ramani za miaka hiyo zinaonyesha vijiji vipya kama vishada vya nukta nyeusi, na migongo iliyohamwa kama karatasi tupu. Utupu huo unadanganya. Penye utupu palikuwa na watu.

Maji nayo yana ganjo lake. Mwanamazingira Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika Tetu mwaka 1940, ameeleza katika kumbukumbu zake kijito alichochezea utotoni na mugumo uliosimama karibu nacho. Aliporudi kutoka masomoni Marekani alikuta mti umekatwa kupisha majani ya chai, na kijito kimekauka. Mstari wa samawati kwenye ramani ni maji ya siku ile ndege ilipopiga picha. Ukienda nao mkononi leo, mara nyingine utafika kwenye nyasi kavu na mawe ya duara, na hilo ndilo ganjo la kijito.

Basi hukumu yangu ni hii. Kontua ibaki, kwa kuwa ni mstari wa wapima ardhi na haina ubaya. Lakini vitabu vya shule na kamusi zinazotungwa sasa vitumie mgongo pale inaposemwa ardhi iliyo kati ya mito miwili, korongo pale maji yalipochimba, josho pale ng'ombe wanapoogeshwa, na ganjo, neno lililosahauliwa pwani huku likitajwa kila siku Nyeri bila kutambuliwa, lirudishwe kazini. Hatuna haja ya kulitafsiri kutoka popote.

Na wewe msomaji, kama una ramani kuukuu ya kwenu, usiiweke kwenye fremu ukutani. Ikunjue, chukua penseli, mwendee bibi au mzee aliye mkubwa kuliko wote katika mgongo wenu, muulize kila mgongo unaitwaje na kila ganjo lilikuwa la nani. Andika majina pale pale penye utupu. Fanya hivyo mwaka huu, wakati anayepaswa kuulizwa bado yupo.